Bahari Ukutani kwa Bi Zuena

Mawe yangu nikiyachoma hulala, nikiyanywesha maji huamka yakifoka.

Hicho ndicho kitendawili mama yangu, Bi Zuena, alichokuwa akimtegea kila mgeni aliyefika kwetu Mikocheni kununua chokaa. Na mtu hajibu! Amesimama mbele ya tanuri, miguu myeupe hadi magotini, jibu limemganda mpaka kwenye kope, lakini anakuna kichwa. Basi mama anasema, "Nipe mji," naye anampa. Huyu kampa Bagamoyo, yule kampa Kilwa. Mama akishaupokea mji hukaa juu ya gunia kama liwali na kuamuru, "Leo watu wangu wa Kilwa hawalimi. Wapike wali, wale, walale." Alikuwa tajiri wa miji, mama yangu, na huku nyumba yetu ni ya udongo na makuti, na baba alishatangulia mbele ya haki tangu mie sijaota meno.

Tulikuwa watatu: mama, kaka yangu Nassibu, na mie Tabu, kitinda mimba. Tuliokota mawe ya matumbawe maji yakitoka, tukayapanga juu ya magogo, tukayachoma siku mbili. Yakipoa, yanamwagiwa maji, yanachemka bila moto, yanapasuka, yanakuwa unga. Ndipo mama anaitia ile chokaa shimoni na kuifunika na maji na makuti. Alikuwa akisema chokaa ni kama mtu, ikikaa sana chini inapata adabu. Kulikuwa na shimo moja nyuma ya nyumba ambalo hatukuruhusiwa hata kulikaribia. Alilijaza chokaa mwaka aliozaliwa Nassibu, aje apige nayo lipu nyumba ya mwanawe siku ya kuoa.

Mji wa mbali kuliko yote mama alipewa na Bwana Shime.

Huyu alikuwa Mkroati, mtu wa pwani iliyotazamana na Italia. Alikuja Tanganyika kufunga mitambo kwenye mashamba ya mkonge, vita ya Hitla ikamkutia huku. Meli za kwao zikakatika, na barua zikakatika. Wazungu wenzake hawakujua wamweke fungu gani, kwa kuwa si Mwingereza, wala si Mjerumani, wala si Mgiriki, na kazi akakosa. Akaja kupanga kibanda cha mabati jirani yetu, akawa anachora picha juu ya mbao za makasha ya chai na kuzipeleka mjini kuziuza. Jina lake lilikuwa hilo hilo, Shime. Watoto walikuwa wakimwona amebeba mbao zake kichwani wanapiga kelele, "Shime, bwana, shime!" Naye akidhani wanamwamkia, huwapungia mkono.

Siku ya kwanza alipokuja kutaka chokaa, mama akamtegea cha mawe. Akajibu pale pale, hata hakumeza mate.

"Chokaa. Baba yangu choma mawe kama wewe. Kwetu mawe nyeupe, kila mahali mawe."

Mama alimtazama kama mtu aliyeibiwa. "Umeambiwa na Nassibu."

"Mimi hapana ambiwa."

"Haya, kitendawili."

"Tega."

"Mgeni wangu kila siku huja mpaka mlangoni, hajaingia hata siku moja."

Bwana Shime akafikiri. Akataja jua, akataja mbwa wa jirani, akataja askari wa kodi. Nassibu alicheka mpaka akakaa chini. Mwisho Mzungu akainua mikono.

"Nipe mji," mama akasema.

Akampa mji wake aliozaliwa. Jina lenyewe lilikuwa kama mtu anatafuna mifupa, mama akalishindwa, akauita Mji wa Mawe. Kisha akampa jibu. "Ni maji ya bahari, baba. Yanakuja, yanarudi. Wewe mchora bahari umeshindwa na bahari!"

Tangu siku hiyo akawa mtu wa kwetu. Alikaa juu ya mwamba, uso umeyakabili maji yetu, lakini kilichotoka kwenye ubao ni pwani ya kwao: mawe meupe yameshuka hadi majini, nyumba za mawe zimebanana kama meno, miti myeusi imeinama upande mmoja kwa upepo, na chini yake bahari ya buluu iliyokolea hata ukiitazama unasikia baridi. Mama alikuwa akija na kutoa kasoro kama mwenye mji.

"Minazi ya mji wangu mbona imekonda?"

"Hiyo hapana minazi, Mama Zuena. Hapana zaa nazi."

"Miti isiyozaa mnaiweka ya nini? Na watu wangu wako wapi? Kila siku unachora nyumba, watu huchori."

"Jua kali. Wote ndani, lala."

Nassibu alichukuliwa jeshini mwaka arobaini na tatu. Alikuwa na miaka ishirini, mrefu, mpole, mvivu kidogo wa kuamka. Mama alimfulia kanzu yake ya Ijumaa, akaitia buluu, akaikunja na kuiweka sandukuni. "Utaivaa siku ya kurudi." Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, tarishi wa Boma akaleta karatasi. Msomaji wa nyumba nilikuwa mie, maana nilifika darasa la nne. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nikasoma nimesimama mlangoni kwamba meli iliyokuwa ikipeleka askari wetu upande wa Bara Hindi ilipigwa na adui ikazama, na kwamba Nassibu hajulikani alipo, inaaminika amekufa maji.

Mama alikuwa anachekecha chokaa. Hakuacha kuchekecha.

"Inaaminika na nani?" akauliza.

Nikaisoma tena, labda nimeruka neno.

Mjomba Marijani, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa akisomesha watoto chuoni. Alikuja jioni ile na watu wa msikiti. Akasema jambo linajulikana, waliookolewa wamekwisha hesabiwa, tumswalie na tumsomee hitma mtoto apate kupumzika. Mama akakataa.

"Nikamsomee wapi, kaka? Kaburi nionyeshe. Nikakae Magogoni pale wanapomwaga maji ya samaki, niseme mwanangu yumo humu?"

"Dua haina mahali, Zuena. Inafika popote."

"Inafika kwa aliyekufa. Mie sijaona aliyekufa. Nimeona karatasi."

Akaacha kuchoma mawe. Akaacha kula chochote kilichotoka baharini, hata chumvi. Wanunuzi walikuja wakarudi, wala hawakutegewa kitu. Alikuwa akikaa chumbani kwa Nassibu, kitandani kwake, anatazama ukuta wa udongo kuanzia alfajiri, na mie nikimletea uji unapoa mpaka unafanya ngozi. Aliponyooka kusimama ungeona mifupa ya mabega imetokeza chini ya kanga. Mjomba aliniambia nje, kwa sauti ya chini, "Tabu, mama yako asipokubali kumzika mwanawe, tutamzika yeye. Asome, alie, amalize."

Aliyepata dawa alikuwa Bwana Shime. Alikuja akavua kofia, akachutama mbele ya mama kama mtu wa Pwani.

"Mama Zuena. Mimi nilikupa mji, lakini sijakukabidhi. Leo nakabidhi. Bahari ni moja. Maji ya kwetu, maji aliyoingia Nassibu, maji ya hapa, mkono kwa mkono. Wewe nataka mahali. Nachora mahali. Hapa." Akaugusa ukuta. "Ndani ya chokaa yenyewe, hapana juu. Rangi inakunywa na ukuta, haitoki mpaka nyumba ianguke."

Mama akaugusa na yeye ule ukuta. Kisha akamgeukia Mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Inafaa?"

Mjomba akamuuliza Mzungu, "Utachora kiumbe chenye roho?"

"Hapana."

"Hata samaki?"

"Hata samaki."

"Basi ni ukuta tu," akasema Mjomba. "Na dua ni dua. Ukiwa tayari kusoma mbele yake, Zuena, mie nitakuja na watu."

Mama akanyanyuka. Alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kulifukua lile shimo la Nassibu. Miaka ishirini na moja! Chokaa ilitoka laini kama siagi, haina hata punje. Ile ndiyo ingepiga lipu nyumba ya ndoa. Bwana Shime aliichota kwa kidole, akaipaka kiganjani, macho yakamlengalenga. Akasema hata baba yake hakuwahi kuwa na chokaa ya namna hii.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo pa kwangu.

Uchoraji ule una haraka yake. Lipu ikishawekwa ukutani mbichi, rangi yote lazima iingie siku hiyo hiyo, kabla haijafunga. Ikifunga, basi. Rangi za udongo alikuwa nazo, nyekundu, njano na masizi ya jiko. Ila buluu yake ya kwao ilikwisha zamani, meli hazileti. Kwenye mbao zake alikuwa anatumia buluu ya kufulia, ile ya vidonge vilivyofungwa kitambaa, na msagaji nilikuwa mie. Nilivisaga, nikavichekecha kwa kipande cha bafta, nikavikoroga na maji ndani ya kifuu. Jumatatu asubuhi akanipa kitambaa cha kidonge cha zamani. "Tabu, hii hii. Vidonge kumi na mbili. Nyingine hapana leta, chokaa ni kali, inakula rangi isiyoijua."

Nikashika njia ya Kariakoo kwa miguu. Nilipofika Kinondoni nikakuta unyago, mtoto wa watu anatolewa nje, ngoma imepamba moto. Tangu mwezi wa tatu nilikuwa sijasikia mtu anacheka. Nikasema nitazame kidogo. Kidogo ile ikazaa kidogo nyingine, mpaka jua likawa limeinama, na duka nikalikuta limefungwa. Nikarudi nyumbani nikasema nimeambiwa nije kesho.

Jumanne alfajiri nikatoka mbio. Nyuma yangu mama na Bwana Shime walikuwa wameanza kupiga lipu, na lipu ikishaanza haingoji mtu. Nikafika, nikaonyesha kitambaa. Mwenye duka akatikisa kichwa.

"Viliisha jana alasiri, binti. Ungekuja jana! Mwanamke wa dobi kavibeba vyote."

Machozi yakanitoka. Akanionea huruma, akaingia ndani, akaja na kijifuko cha karatasi. Ndani mna unga wa buluu, mweusi kwa ukali wake, wa kutengenezea wino. "Chukua hii. Hii ni buluu kuliko buluu."

Nikaichukua. Njiani nikajiambia buluu ni buluu. Nilipokaribia nyumbani nikaingia jikoni kwa mlango wa uani, nikaikoroga kwenye kifuu kama siku zote, kile kijifuko nikakitia motoni. Bwana Shime alikuwa juu ya kasha, ameshamaliza mawe na miti, jasho linamtiririka. Akanyoosha mkono bila kugeuka, nikamkabidhi. Akachovya brashi. Akasita.

"Ni ile ile?"

"Ile ile."

"Mbona leo ina giza?"

"Nimeisaga sana."

Akaipaka pembeni, akaitazama, akatabasamu kidogo. "Hii ndiyo rangi ya kina," akasema. "Hii nimeitafuta miaka kumi." Akaendelea.

Ilipofika alasiri alikuwa amemaliza. Siwezi kuwaeleza vizuri mkaiona. Ukuta ulikuwa umeondoka. Pale palipokuwa na udongo na msumari wa kutundikia kofia palikuwa na bahari, kuanzia usawa wa kitanda hadi karibu na dari, na mawe meupe pembeni, na ile chokaa ya Nassibu inang'aa kwa ndani kama taa imefunikwa shuka. Mama aliingia taratibu, kavua viatu. Akakaa kitandani. Akatazama. Mkono wake ukapapasa godoro, upande ambao Nassibu alikuwa akilaza kichwa.

"Kwa hiyo ni hapa," akasema.

Na akalia. Alilia kwa mara ya kwanza tangu ile karatasi, kilio cha sauti, cha kujipiga mapaja. Mie nikalia, na Mzungu juu ya kasha akageuza uso. Baadaye mama akajifuta kwa kanga, akasema kwa sauti yake ya zamani, "Tabu, kamwambie mjomba wako tusome Ijumaa. Na kesho unitafutie mrehani, nauweka hapa chini, kichwani kwake." Usiku ule alikula wali. Alikula na papa mkavu, akatia na chumvi.

Bwana Shime alisema chumba kifungwe hadi Ijumaa, upepo usiikaushe chokaa kwa pupa. Mama akatia mkeka dirishani, akafunga mlango kwa kamba. Jumatano na Alhamisi alikuwa anafagia, anapepeta mchele, mara mbili nikamsikia anaimba. Mie nilikuwa napita mbali na mlango ule.

Ijumaa baada ya swala watu wakaja, wanaume ukumbini na wanawake uani. Kunde zimeiva, wali umeiva, majuzuu yamepangwa juu ya mkeka. Mama alikuwa amevaa kaniki, mrehani mkononi, wenye maji ya asubuhi bado. Akaifungua kamba mwenyewe. Mie nilikuwa nyuma yake, na nyuma yangu Mjomba.

Bahari haikuwapo.

Mawe yalikuwapo, miti ilikuwapo, nyumba zilikuwapo. Lakini maji yote yalikuwa yamegeuka hudhurungi. Rangi ya kutu, rangi ya shamba lililolimwa likakauka. Pembeni kabisa palibaki ukope mmoja wa buluu, nao umeanza kuliwa. Ile chokaa yenye adabu ya miaka ishirini na moja ilikuwa imekula uongo wangu ikamaliza.

Nilifungua kinywa. Wallahi nilifungua. Lakini mama alikuwa amekwisha sogea, ameweka kiganja ukutani, na uso alionigeuzia sijauona tena duniani. Ulikuwa unawaka kwa furaha.

"Kaka," akasema, "unaona? Si maji haya. Ni nchi kavu."

"Zuena..."

"Ni nchi kavu! Nilimtafutia kaburi majini, maji yamekataa. Hayumo. Mwanangu amefika nchi kavu." Akatoka uani na ule mrehani, akautupa juu ya paa, akapiga kigelegele mpaka kuku wakakimbia. "Kuleni wali! Kuleni, lakini msisome! Anayemsomea mwanangu leo anamwombea kufa!"

Wanawake wengine wakaingia kutazama, wakatoka wanashika midomo. Wapo waliosema ni ajabu ya Mungu. Mjomba Marijani alikusanya majuzuu yake moja moja, akaondoka hajala.

Bwana Shime aliitwa na makelele. Aliangalia ukuta, akakwangua kwa ukucha, akanusa. Kisha akaenda jikoni, akakiokota kifuu, akakitazama ndani ambamo bado mlikuwa na ukoko mweusi. Akanitazama. Akarudi akamwambia mama, "Mama Zuena, hii ni kosa. Rangi imekufa ndani ya chokaa. Mimi nimekosa, mimi mjinga. Hakuna nchi kavu. Nachora tena."

Mama akamshika bega kwa huruma. "Shime, wewe ulipaka maji, nilikuona. Aliyeyageuza yakawa udongo si wewe. Usiuguse ukuta wangu."

"Chokaa ile kali..."

"Chokaa ya shimo lile niliichoma mie. Haisemi uongo."

Nje, karibu na tanuri lililopoa, alinikuta nimejikunyata. Akachutama. "Mwambie wewe," akasema. "Akisikia kwangu ni Mzungu anajitetea. Akisikia kwako ni mwana. Mwambie leo. Kesho itakuwa nzito, keshokutwa hutaweza kuinua."

Nilisema ndiyo. Nikaingia ndani, nikamkuta mama amefungua sanduku, ametoa ile kanzu. "Imeingia manjano," akasema. "Ifue, Tabu. Itie buluu. Anaweza kutokea siku yoyote." Akanipa kidonge, kilichofungwa kitambaa. Alikuwa nacho siku zote, wajukuu zangu, kimoja, sandukuni, chini ya kanzu.

Nikaifua.

Niliifua kila Alhamisi, iwe tayari kwa Ijumaa. Vita ikaisha, askari wakaanza kurudi, na kila ilipotangazwa meli mama alitoka Mikocheni kabla ya jogoo, kanzu imekunjwa ndani ya mkoba wa ukindu, akasimame bandarini. Alikuwa anawauliza, "Baba, nchi kavu mliyotoka, hamkumwacha Nassibu?" Wengine walimjibu vizuri. Makuli wakampa jina, Mama Nchi Kavu, na watoto wa Kinondoni wakalidaka. Meli za askari zikaisha, akawa anakwenda kwa meli za mizigo. Tanuri likaota majani. Mie nikawa naenda kuokota mawe kwa watu wengine, kwa chakula. Waposaji walikuja wawili, mama akawajibu mwenye kutoa idhini ni kaka yangu Nassibu, naye yuko njiani.

Bwana Shime alipata barua ya kwanza mwaka arobaini na sita. Aliisoma amekaa juu ya mwamba, akaikunja ndogo kama kidonge cha buluu. Mama akamuuliza, "Watu wangu wa Mji wa Mawe hawajambo?"

Akaifumbata ile barua. Kisha akasema, "Wamelala, Mama Zuena."

"Mchana huu?"

"Wote. Walichomwa na nyumba zao." Halafu akaongeza, polepole, "Hapana ndugu. Hapana mti."

Mama akafikiri. "Umeonyeshwa kaburi?"

"Hapana."

"Basi usikubali," akasema mama, akampapasa kichwa kama mtoto. "Usikubali karatasi."

Na Bwana Shime akanitazama kwa juu ya mkono wa mama. Nimetazamwa na watu wengi katika umri huu wangu, hakuna aliyenitazama vile. Wiki ile alipasua mbao zake zote akazitia jikoni, akapanda lori la mkonge akaelekea Morogoro. Hatukusikia habari yake tena.

Mama alianguka mwaka hamsini na mbili, homa ya kifua. Tulimlaza chumbani kwa Nassibu, mwenyewe alitaka hivyo, uso kaelekea ukuta. Ile rangi ilikuwa imeanza kupukutika, lakini aliijua kila kipande. Kanzu nilikuwa nimeianika uani, imefuliwa miaka minane mpaka imekuwa nyembamba kama utando wa kitunguu, na kwa wingi wa buluu haikuwa nyeupe tena. Ukiitandaza juani ilikuwa na rangi ya maji mafupi.

Niliona pumzi zinavyokwenda, nikajua sina Alhamisi nyingine. Kusema wazi nilishindwa. Nikajaribu njia tuliyoizoea.

"Mama, kitendawili."

Macho yakafunguka. Hakuwa ametega wala kutegewa miaka minane. Akatabasamu. "Tega."

"Bahari yangu ilikufa kwa siku tatu, aliyeiua yuko hai."

Akafikiri. Kweli alifikiri, midomo inatembea. Akataja jua. Akataja chokaa. Mie natikisa kichwa, machozi yananidondokea mikononi.

"Umenishinda," akasema. Hakuna aliyewahi kumtegea akamshinda.

"Nipe mji, mama."

"Chukua Mji wa Mawe. Mzuri ule, ila hauna nazi." Akavuta pumzi. "Haya, nipe jibu."

"Jibu ni mie. Ni mie, mama. Buluu niliyoleta siyo ile. Nilikwenda kutazama ngoma Kinondoni, nikachelewa, nikaleta nyingine, nikasema ni ile ile. Chokaa ikaila. Hapakuwa na nchi kavu. Nassibu yumo majini, mama, tangu siku ile."

Alinitazama muda mrefu, utulivu mtupu. Nilidhani amenisikia. Mpaka leo nadhani alinisikia. Kisha macho yake yakahama, yakarudi ukutani, kwenye ile hudhurungi yake.

"Kanzu imekauka?" akauliza.

"Imekauka, mama."

"Ipige pasi."

Nikatoka. Nikatia makaa kwenye pasi, nikayapuliza mpaka yakashika, nikaitandaza ile kanzu juu ya mkeka, nikaanza na mikono, kisha mgongo, kisha kola kama alivyonifundisha. Sikuharakisha. Niliporudi nayo mikononi, ingali na joto, mama alikuwa ameshakwenda, macho wazi, uso kaelekea ukuta.

Mjomba Marijani alikuja, mzee sasa, akamswalia na kumsomea. Nilipomwomba amsomee na Nassibu, aliinamisha kichwa. "Dua nitamwombea, mwanangu," akasema. "Lakini hitma ya kumuaga aliikataza mama yake, na mwenye kuiruhusu tumemzika leo."

Ile kanzu ninayo. Jana ilikuwa Alhamisi.